Daftari la Kujikuna

Mbwa anapojikuna shingo kwa mguu wa nyuma, kifundo chake hugonga ardhi. Du-du-du, anapumzika, du-du-du. Niliisikia sauti hiyo nikinywa chai, nikisali, nikizungumza kwenye simu. Rafiki yangu mmoja wa Unguja alinipigia siku moja, akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza kama tunajenga.

Hatukuwa tunajenga. Tulikuwa na mbwa anayewashwa.

Kwetu ni Ole, Pemba, na nyumba ina watu wawili tu, mimi na mama yangu. Miaka mingi nilifanya kazi ya kukusanya habari za redio, nikizunguka kisiwa kizima na daftari mfukoni. Baba alipofariki nilirudi nyumbani kumsaidia mama na mikarafuu michache aliyotuachia na shamba la muhogo lililo mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Redio niliiacha, daftari halikuniacha.

Mbwa tulimchukua kwa sababu ya tumbili. Tumbili haibi muhogo kama mtu mwenye njaa. Anang'oa shina, anauma mara moja, anatupa, anahamia shina la pili. Asubuhi moja nilihesabu mashina kumi na tisa yaliyolala chini, kila moja lina alama ya meno upande mmoja. Ndipo nikaenda Msuka kwa mtu mmoja anayefuga mbwa, akanipa dume la rangi ya kahawia, kifua kipana, masikio hayatulii. Mama alimtazama kwa mbali, akasema, "Mbwa wa shamba, sawa. Huku ndani asinikanyagie."

Mwaka wa kwanza alilala shamba, kwenye banda dogo, na tumbili wakahama. Kisha mvua za masika zikaliangusha banda. Nikamleta nyumbani kwa muda, nyuma ya jiko, nje ya ua. Ardhi ya pale ilikuwa na maji, nami si mtu wa kumlaza mnyama kwenye tope. Nikamtandikia makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ambavyo huanikwa na kuuzwa kwa wanaokamua mafuta. Yalikuwa ya msimu uliopita, makavu, yananukia vizuri. Nilijisifu moyoni: kitanda kikavu, na harufu ile viroboto hawaipendi. Asubuhi mbwa alikwenda nami shamba, jioni akarudi kulala. Banda nikasema nitalijenga mvua zikikatika. Zikakatika, sikujenga.

Kuwashwa kulianza tumboni. Ngozi ilikuwa nyekundu, kisha vipele, kisha manyoya yakapukutika kwenye makwapa na ndani ya mapaja. Alijikuna mpaka damu. Na mbwa anayejikuna halindi. Anasimama, anasikia kitu kichakani, anataka kukimbia, halafu anakaa chini kujikuna, na tumbili wanamtazama kutoka juu ya mti. Wallahi walikuwa wanamtazama. Walijua.

Nikafungua daftari. Nikapiga mistari: tarehe, amekula nini, amejikuna wapi, mara ngapi kabla ya adhuhuri, dawa gani. Nilianza na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Hakuna kitu. Nikampeleka pwani nikamwogesha maji ya chumvi, akapiga kelele na watu wakatoka majumbani. Nikamwachisha dagaa, kwa kuwa nilisikia samaki huleta aleji, akala ugali mtupu siku ishirini akiniangalia kama mtu aliyedhulumiwa. Jirani yangu, mwanamume wa rika langu anayepita kila siku na baiskeli yake, alinishauri oili chafu ya gari. Nilikataa.

"Basi mkate manyoya umvishe kanzu," akasema. "Yakhe, hata mkeo hukumuhangaikia hivi."

Mke wangu tuliachana zamani, na jirani analijua hilo vizuri.

Mwisho nikatumia kile ambacho kila mtu Pemba hukimbilia, mafuta ya karafuu. Kwetu jino likiuma ni karafuu, tumbo likisokota ni karafuu, baridi ya mifupa ni karafuu. Nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikampaka tumbo zima. Aliruka, akazunguka ua mara tatu, akajiburuza kwenye mchanga. Katika daftari nikaandika: *Imemchoma sana. Ishara kwamba inaingia.* Maneno hayo yapo mpaka leo, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikampaka tena kesho yake.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki baada ya kumwomba wiki tatu. Kazi yake ya kila siku ni ng'ombe na kuku, na hakuficha. Alimkwangua ngozi kwa kisu kidogo, akaenda nayo, akarudi baada ya siku chache kunambia si upele wa wadudu. Ni mzio. Kuna kitu mwili wake haukitaki.

"Kitu gani?"

"Hicho ndicho cha kutafuta. Chaweza kuwa chakula, chaweza kuwa majani, vumbi, chochote kinachomgusa." Akampiga sindano. "Hii itamnyamazisha wiki mbili. Si dawa ya kumponesha, na siwezi kumpiga kila mara, itamdhuru. Mwogeshe sabuni hii mara mbili kwa wiki. Povu likae mwilini dakika kumi ndipo umsuuze."

Alisema kana kwamba ni jambo dogo. Kwa mtu wa kwetu, kumwogesha mbwa ni shughuli ya nusu siku. Mbwa mkavu ukimgusa kwa mkono mkavu huna tabu. Mbwa aliyerowa ni najisi nzito, na kila palipomgusa pataoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Dakika kumi za povu maana yake ni dakika kumi za kumshika mbwa asiyetaka kushikwa, anayejikung'uta akikurushia maji usoni, kichwani, kwenye nguo. Nilijiwekea utaratibu: shati na suruali za kuogeshea zilining'inia peke yake kwenye mti wa nyuma, ndoo mbili, beseni la udongo safi niliouchekecha mwenyewe. Siku za kuogesha zilikuwa Jumatatu na Alhamisi, baada ya adhuhuri, ili niwahi kujitoharisha kabla ya alasiri.

Jirani hakukosa Jumatatu hata moja. Alisimamisha baiskeli, akahesabu kwa sauti: "Moja… mbili… hiyo ya pili haikufika kwenye kiwiko, rudia." Niliporudia, alisema, "Kumbe hukuwa na hakika."

Sindano ikamnyamazisha kwa siku kumi na mbili, nilizihesabu. Siku ya kumi na tatu, nikiwa na kikombe mkononi, du-du-du.

Msimu wa karafuu ulikuwa umeingia. Uani kulitandazwa majamvi, mama akakaa na bakuli lake kuchambua, na mimi nikawa kwenye mikarafuu tangu asubuhi. Shamba la muhogo lilibaki na mbwa ambaye hakuwa mlinzi tena. Siku niliyokwenda kuangalia, nusu ya upande wa mashariki ilikuwa chini.

Mama hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua, vidole vyake vinatenganisha karafuu na kikonyo bila kuviangalia. "Mwanangu, muhogo ule ndio chakula chetu mpaka mwakani. Mbwa alikuja kwa ajili ya muhogo. Sasa muhogo unaliwa, nawe u hapa na ndoo. Mwambie yule mtu wa Msuka aje amchukue."

"Mtu wa Msuka hatamtibu, mama. Mbwa mgonjwa kwake hana kazi." Sote tulijua mbwa asiye na kazi hufanywaje.

"Nimekwambia nilichokwambia. Hitima ya baba yako ikipita, Ijumaa ile inayofuata, aje."

Nikampigia simu yule mtu. Akakubali kuja Ijumaa baada ya sala.

Kwa ajili ya hitima ilibidi mbwa aondoke nyumbani, kwani watu wangejaa mpaka nyuma ya jiko. Nikaenda shamba, nikasimamisha nguzo nne, nikaezeka makuti, nikamtandikia majani makavu ya mgomba. Kazi niliyoiahirisha miezi niliimaliza kabla ya adhuhuri. Akakaa huko siku tisa. Nilikwenda asubuhi na jioni kumpelekea chakula, na siku zake kumwogesha, nikaandika. Siku ya tatu mikuno ilipungua. Siku ya sita hapakuwa na damu. Siku ya nane alimkimbiza tumbili mpaka kwenye mwembe wa jirani, bila kukaa chini njiani.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Nikasema ni sabuni, imeanza kufanya kazi. Hitima ikapita, nikamrudisha nyumbani ili nimwogeshe kwa karibu, na usiku mmoja ukatosha. Asubuhi ya Alhamisi tumbo lilikuwa jekundu kama siku ya kwanza.

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikafungua daftari ukurasa mmoja mmoja. Nilikuwa na hasira ya aina ambayo haina wa kumkasirikia. Chakula ni kilekile, na sabuni ni ileile. Mama alikuwa kwenye jamvi lake, hatua tano kutoka nilipo.

"Wasoma nini?"

"Natafuta kilichobadilika."

"Kule shamba alalia nini?"

"Majani ya mgomba."

"Na hapa?"

Nilitazama nyuma ya jiko. Mbwa alikuwa amejikunja juu ya makonyo, ambayo nilimwongezea mapya jana jioni kwa kumhurumia.

Mama akaweka bakuli chini, akaninyooshea mikono. Kati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka, nyekundu, na vipele vidogo mpaka kwenye viganja. "Mie kila msimu vidole hivi vyaniwasha. Tangu sijaolewa. Hupaka mafuta ya nazi nikalala, kukicha nikachambua tena. Na wengine humu kijijini kwetu ni hivyohivyo. Karafuu haimpendi kila mtu."

"Mama, mbona hukunambia?"

"Kwani uliniuliza? Ulikuwa wamuuliza mbwa."

Alikuwa akijipaka mafuta yale mbele yangu kila jioni ya msimu tangu niko mdogo. Nimewahi kwenda mpaka Micheweni kumuuliza mkulima wa mwani kuhusu maumivu ya mgongo wake, nikaandika kila neno. Nililala nyumba moja na mama, sikuwahi kumuuliza vidole vina nini. Na daftari lile, lenye mistari iliyonyooka, lilikuwa na kila alichofanya mbwa. Nilichofanya mimi niliona hakina haja ya kuandikwa. Kitanda hakikuwemo. Mafuta ya karafuu yalikuwemo, kwenye safu ya dawa.

Nilizoa makonyo yote, nikachimba na udongo wa juu, nikafagia. Nikamrudisha mbwa shamba jioni ileile.

Ijumaa mtu wa Msuka alikuja na kamba. Mama alimkaribisha barazani, akamtilia chai, akamwekea mkate wa kumimina, akamuuliza hali za watoto wake wote. Mimi nilisimama mlangoni. Alipokunywa kikombe cha pili, mama akamwambia, "Umesumbuka bure, mwanangu. Mbwa ana kazi." Yule mtu akanitazama, akaikunja kamba yake, akaomba kipande kingine cha mkate.

Baada ya kuondoka mama alinigeukia. "Atakaa. Lakini akirudi huku kulala, na muhogo ukaliwa tena, sitakuwa na la kusema mara ya pili."

Ningependa kuandika kwamba mambo yakaishia hapo. Lakini bwana mifugo alisema mzio hauponi, hutulizwa tu, na kwetu karafuu hazikai mahali pamoja. Msimu ukiwa umepamba moto zimeanikwa kando ya barabara, mbele ya msikiti, kwenye baraza za maduka, na njia ya shamba inapita katikati yake. Kuogesha mara mbili kwa wiki kunaendelea. Tumbo lake limeota manyoya, makwapa bado. Kuna wiki nzuri, na kuna wiki ninapolifunga daftari kwa hasira.

Na kuna jambo ambalo sikulitarajia. Mbwa anayapenda makonyo. Yakianikwa juani yanakuwa na joto, laini, na harufu ile ile, na yeye alilala juu yake miezi. Mara mbili msimu huu ameliacha shamba mchana, akatembea robo saa peke yake, nikamkuta katikati ya jamvi la mama, amejinyoosha, macho yamefumba kwa raha, mguu wa nyuma unapiga ardhi. Mara ya pili tumbili waliangusha mashina manne. Mama aliyahesabu, akaniletea kigoda na fimbo, akaviweka kando ya jamvi.

Kwa hiyo sasa, makonyo yakianikwa, mimi hukaa uani na fimbo kuyalinda yasilaliwe na mbwa, ili mbwa abaki shamba kuulinda muhogo usiliwe na tumbili. Jirani alisimamisha baiskeli akaitazama hali hiyo kwa muda mrefu.

"Na weye," akasema, "nani akulinde?"

Leo ni Alhamisi. Nimemwogesha, amenirushia maji mpaka kwenye masikio, amerudi shamba akinuka sabuni. Nimefika mara ya nne kati ya zile saba za kujiosha, mikono miwili mpaka kwenye viwiko. Mama kanijazia beseni la udongo bila kuambiwa, kisha kaweka kopo lake la mafuta ya nazi juu ya kigoda, sasa letu sote wawili, kwani wiki hii vidole vyangu pia vimeanza kuwasha.