Chumvi ya Ma Wilhelmina

Baada ya mazishi ya Ma Wilhelmina, binti yake Kokushubira alikuta pakiti za chumvi chini ya meza ya jikoni, zimefunikwa kwa gunia. Hakumwambia mtu. Mama alikuwa mgonjwa wa presha, daktari alishamkataza chumvi, na katika nyumba ile ya Kirumba mboga zilipikwa chapwa kwa ajili yake. Kumbe alikuwa akilamba kwa siri, Kokushubira aliwaza, mpaka kiharusi kikamchukua. Tangu siku hiyo, kila alipomwombea mama kwa rozari, hasira ilimkaa kati ya punje na punje.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Baada ya misa ya kumbukumbu ndugu wangegawana nguo za marehemu, na nguo za marehemu hazigawiwi kabla ya kufuliwa. Kokushubira alitaka kuzifua kwa sabuni ya mama mwenyewe, ile ngumu ya kukata vipande, ambayo Ma Wilhelmina alimpelekea kila jirani aliyefiwa.

Kazi aliijua, au alidhani anaijua. Alichoma maganda makavu ya ndizi, akayachuja majivu yake kwa maji katika kopo lililotobolewa chini, akayachemsha maji hayo na chokaa, kisha akatia mafuta ya ng'ombe. Mwisho wake tu ndio hakuwahi kuuona. Sabuni ilipoanza kuvutika, mama aliwafukuza wote jikoni. Sabuni ina aibu, alisema, ikitazamwa haigandi.

Ya Kokushubira haikutazamwa na mtu, na haikuganda. Kulipokucha ilikuwa rojorojo. Mdogo wake, Rwehumbiza, alichovya kidole akakinusa.

"Dada, hii tufulie, au tutie sukari tunywe?"

"Anza wewe. Huenda ikausafisha huo mdomo."

Rwehumbiza alisema anakwenda kununua sabuni ya mche dukani, yaishe. Kokushubira akabaki anaitazama sufuria. Kwa nini iwe laini, na ya mama iwe ngumu?

Akakumbuka kidato cha pili. Mwalimu alitoa kipande cha metali kwenye chupa ya mafuta ya taa, laini hata kisu kilikikata kama jibini, akakidondosha majini. Kikakimbia juu ya maji, kikiwaka moto wa zambarau. Ile ilikuwa potasiamu. Mwalimu akasema hata kwenye majivu imo, ila humo imetulia kwa kuwa imeshikana na vitu vingine. Jioni Kokushubira alimsimulia mama, naye akacheka hadi akashika mbavu: "Kumbe miaka yote hii nafua kwa moto!"

Mwalimu alisema na jingine. Sabuni ya potasiamu huwa laini. Ya sodiamu, nduguye potasiamu, huwa ngumu. Lakini mama hakununua kostiki soda, ile dawa kali ya sodiamu ya watengeneza sabuni, hata siku moja, aliiogopa. Sodiamu aliitoa wapi?

Macho ya Kokushubira yakazunguka jikoni: majivu, chokaa, mafuta. Gunia.

Chumvi ni sodiamu na klorini. Alipiga magoti akavuta pakiti, akairudisha sufuria motoni, akatia chumvi konzi moja, kisha nyingine. Hakuna kilichotokea. Akaongeza, huku midomo ikisali bila yeye kujua.

Rwehumbiza alirudi na mche wake, akaona pakiti mezani. Uso ukambadilika.

"Umezitoa za nini hizo?"

"Ulikuwa unajua zipo?"

 Rwehumbiza alisema aliziona wiki ileile ya msiba, akaogopa kumwambia dada yake kwamba mama alijiua kwa ulimi.

Ndani ya sufuria uji ulianza kukatika kama maziwa yaliyochacha. Mabonge meupe yakapanda juu, maji ya kahawia yakabaki chini. Kokushubira aliopoa bonge moja kwa upawa, akalikamua ndani ya kitambaa, akalibonyeza. Lilikuwa limeanza kukaza.

"Hakula," alisema. "Alitia humu."

Rwehumbiza aliuweka mche chini, akarudi nyuma hadi mlangoni, kama walivyozoea kufukuzwa utotoni.

"Njoo utazame," dada yake alimwambia. "Inaganda tu."