Sikio la Wafula

Nisiwadanganye, ni wivu ulionipeleka shoo ya kilimo ya Kitale. Jirani yangu hapa Kiminini, Mama Nekesa, alikuwa amenichosha: ati Nekesa wake alipanda ile bembea kubwa inayozunguka hadi juu, ati hata hakulia! Basi nikampeleka Wafula wangu, na jirani nikamwalika aje ajionee.

Mwenye bembea alimwambia Wafula apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, kama tunavyowapima umri watoto wa kuanza shule. Hakufikia. Nikamvuta mkono, nikamwinamisha kichwa, akagusa.

"Haya, lakini mama apande naye," akasema mwenye bembea.

Kule juu Wafula alicheka. Mimi nililia, "Nishusheni!" mpaka mashine ikasimamishwa.

Mama Nekesa alinipokea chini. "Mama Wafula, hebu gusa sikio tuone."