Mikono ya Dwumfour Redioni

Akosua Birago wa Juaben hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Gavana alipopita mjini hakutoka hata mlangoni. Alikuwa na ndizi zake motoni. Lakini kisanduku cha redio kilichopigiliwa ukutani kwake, kilicholetewa sauti kwa waya, kilimwacha mdomo wazi.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili kamili, zililia humo ngoma mbili, dume na jike, zikisema kwa mapigo: Sikilizeni! Sikilizeni! Birago aliutambua mkono. Ulikuwa wa mumewe, Kwabena Dwumfour, mpiga ngoma wa mfalme, ambaye wakati huo alikaa pale pale akisugua meno kwa kijiti.

"Baba Yaa, uko hapa au uko Accra?"

"Si nilikwambia walinirekodi?"

"Uliniambia walikupa soda!"

Birago alicheka. Mumewe hakucheka. Ngoma ilikuwa mti kabla ya kuwa ngoma, na anayeipiga humwaga kwanza tone la pombe, akauomba mti radhi, akauamsha. Dwumfour aliyafanya yote hayo huko Accra, lakini watu wa redio walikata maombi wakabakiza mapigo. Sasa ngoma yake ingesema kila siku mbele ya nchi nzima bila kuamshwa, na mti usioombwa radhi haumwachi mtu salama.

Aliandika barua. Akajibiwa kwa adabu kwamba nafasi ni sekunde kumi na tano tu. Basi kila alfajiri akasimama mbele ya kisanduku na glasi yake, akamwaga, akaomba, akamaliza ngoma ikianza kulia. Alifanya hivyo miaka kumi na minne. Majirani walimchokoza: "Dwumfour, leo umechelewa, redio itakufuta kazi!"

Wacheke tu. Birago kila alfajiri mwili ulimsisimka. Mtu kasimama hapa na shuka lake begani, na mikono yake inaita watu hadi vijiji vya mwisho vya kaskazini, watu wasiojua hata kama amezaliwa! Aliona ni jambo kubwa kupita akili yake, na hakuona haya kusema hivyo.

Kisha kifua kikamlaza Dwumfour.

"Nikifa nani ataiomba radhi? Wanao wanaendesha malori huko mbali."

"Mimi nipo."

"Mwanamke haisemeshi ngoma."

"Basi usife."

Alikufa Alhamisi. Kesho yake kabla ya saa kumi na mbili nyumba ilijaa waombolezaji. Mzee Boadu, mkuu wa ukoo, akanyoosha mkono akizime kisanduku.

"Usikiguse, baba," Birago akasema.

"Maiti apige ngoma, mama? Tena haijaamshwa na mtu! Unatutakia balaa?"

Birago alichukua glasi, akamwaga, akaanza. Aliyasema maneno yote, jina la mti, majina ya wapigaji waliotangulia, bila kuruka hata moja. Hakuna aliyejua kwamba anayajua. Mwishoni akaongeza la kwake:

"Mti, amka. Kwabena, wewe lala."

Ngoma ikalia. Mzee Boadu akavua ndara zake, kama mtu anavyovua mbele ya mfalme, na nyumba nzima ikavua.