Nilimjazia mwenzangu fomu ya masomo pale Makambako, mpaka leo najuta

Wakuu, habari za humu. Shikamoo kwa walionizidi umri, ingawa sidhani kama wapo. Nakaribia miaka tisini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejiweka pazuri zaidi.

Nimeona vijana wa first year mnauliza, "Nichukue combination gani ya sayansi?" na watu wanawajibu kwa kujiamini kweli kweli. Nikajiona mimi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini. Ukitaka digrii ulikwenda chuo kule Uganda. Mimi Mbena wa Njombe nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza, Fizikia na Hesabu, na nilikuwa naringa hasa. Likizo nilikwenda kanisani na kalamu mbili mfuko wa shati, zote zionekane.

Mwaka huo akapata nafasi kijana wa Kikinga, Elia, kutoka Makete upande wa Kitulo. Baba yake, mkulima wa pareto, alitembea naye kwa miguu mpaka Njombe ili anikabidhi. Alinishika mkono mbele ya watu wote waliotoka ibadani.

"Mdogo wako huyu. Huko uendako, wewe ndiye mimi."

Watu wa huku kwetu Njombe mnajua uzito wa jambo hilo. Ukishakabidhiwa kwa mtu, humpingi. Anachosema yeye ni kama kasema baba.

Tukapanda lori hadi Makambako, tukakaa kwenye hoteli ya chai kusubiri basi la Iringa. Nje hapakukalika kwa upepo. Elia akatoa fomu ya masomo, ambayo ilitakiwa ifike chuoni imeshajazwa.

"Kaka, mimi nilifikiria Botania," akasema.

"Yaani umetoka kwenye majani, unakwenda Uganda kusomea majani?"

Watu wa meza ya pili wakacheka. Elia naye akacheka, akanisogezea fomu. Nikaijaza kwa kalamu yangu: Fizikia, Hesabu, Kemia. Nilijiona nimemwokoa kabisa.

Jamani, kijana huyu alijua kila ua la Kitulo kwa jina la Kikinga. Lipi linachipua kabla ya mvua, lipi ng'ombe hawaligusi. Ndani ya lori alikuwa ananieleza hayo hayo, na mimi nikaona ni maongezi ya kupunguza safari.

Chuoni alihangaika sana. Nilimfundisha, nikamgombeza, nikamwambia akaze.

Siku moja nilimkuta nyuma ya maabara anakausha magugu katikati ya magazeti. Kila gugu lilikuwa na kikaratasi chake cha maelezo, mwandiko safi. Nikamwambia aache michezo, mtihani umekaribia.

Akafeli. Wakati ule ukifeli mwaka wa kwanza, nafasi imepotea, unafungasha unarudi kwenu.

Alipokwisha kuondoka, mwalimu wa Botania akaniuliza ndugu yangu yuko wapi. Kumbe wiki ya tatu tu alimwona Elia akikusanya magugu, akamwita, akamwambia bado anaweza kuhamia kwake. Elia akajibu kwamba masomo alichaguliwa na kaka yake, hawezi kubadili. Mwalimu akamwambia aje aniombe ruhusa. Hakuja.

Angekujaje, wakati nilishamfanya kichekesho mbele za watu? Niliumia, wakuu.

Likizo iliyofuata nashuka kwenye basi Makambako, namwona baba yake Elia amesimama na kuku. Alikuwa amesikia narudi. Akanipa yule kuku kwa mikono miwili.

"Asante kwa kumlea mwanangu. Ameniambia ulihangaika naye sana, ila kichwa chake ndicho kizito."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi ndiye msomi. Nikapokea kuku. Nikasema, "Asante, mzee."

Elia alilima pareto maisha yake yote. Kila tulipokutana tulisalimiana vizuri, na jambo lile hakuwahi kulitaja.

Vijana, kabla ya kujaza fomu angalia kitu unachokifanya bila kusukumwa na mtu, hata kama kinachekwa. Na nyie mnaotoa ushauri humu, muulizeni mtoto kwanza, halafu mnyamaze mpaka amalize. Akinyamaza yeye, muulize tena mkiwa wawili tu. Mimi nilimuuliza mbele ya wanywa chai, tena kwa kejeli.

Mliochaguliwa kozi, semeni yaliyowakuta. Mliowachagulia wenzenu, nawasubiri nyie zaidi.

Niulizeni lolote, ila msiniulize kwa nini sikumwambia yule mzee. Alizikwa akiamini mwanawe ana kichwa kizito, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.