Mama Mahamri na Swali Lake

Miaka ile ya themanini, hoteli zilipokuwa zikiota ufukweni Malindi, meneja aliyetaka fundi hodari wa kuezeka makuti alimtuma dereva kwa mama muuza mahamri, kule sokoni. Waliojitafutia wenyewe, masika yalipoingia wageni wao walilala na miavuli. Mama mwenyewe hakuwahi kupanda paa maishani mwake. Alikuwa na vidole vyenye unga na swali moja tu kwa kila fundi aliyemjia kutafuta kazi, alilolitoa huku akigeuza mahamri, bila kumtazama mtu: "Katika kazi hii, nani anakushinda?" Aliyejibu "Hakuna," aliongezewa chai, akaagwa kwa heshima. Aliyemtaja mwenzake, basi huyo mwenzake ndiye aliyefuatwa.

Siku moja nilikuwa pale nikinywa chai, akaja Mwambire, mdogo wake wa tumbo moja, msimu mzima hana kazi. Dereva wa hoteli mpya alikuwa ameshapita asubuhi.

"Dada, nimesikia wanataka fundi. Safari hii nifikirie mimi."

Mama alimmiminia chai. Akageuza mahamri yaliyokwisha kuiva, akayageuza tena. Kisha akauliza swali lake, kwa sauti ya chini kuliko siku zote.

Mwambire alikiinamia kikombe, hakunywa. "Kalama wa Matsangoni," akasema mwishowe. "Yule ananishinda."

"Kamwite."

Mwambire akainuka, akaenda. Mama akachukua kisahani, akakifunika kile kikombe ili chai isipoe, japo Matsangoni si karibu.