Tarehe Aliyoitunga Karani

Shitanda alikuwa karani wa ghala la ngano karibu na stesheni ya Eldoret, na ukarani wake alitembea nao kila mahali: kalamu mfukoni, soksi zimevutwa hadi magotini, na jibu tayari kabla hujamaliza kuuliza. Kusema "sijui" kulimshinda kabisa.

Mwaka 1951 mkewe, Musimbi, alishika mimba yao ya kwanza. Musimbi alikuwa ametoka kwao Kakamega hajui Kiswahili ila salamu na asante, kwa hiyo kliniki waliingia wote wawili, mume akiwa mkalimani. Sista Hellen, mkunga, akauliza mama aliona siku zake za mwezi lini mara ya mwisho.

Masikio ya Shitanda yaliwaka moto. Mambo hayo hakuwahi kumwuliza mkewe hata chumbani, sembuse mbele ya benchi lililojaa akina mama. Musimbi alimtazama, akingoja kutafsiriwa. Hakutafsiriwa chochote.

"Tarehe tano, mwezi wa pili," Shitanda alisema, kwa sauti ileile ya kuhesabu magunia. Aliitunga palepale. Sista akaandika.

Mwishoni mwa Novemba Sista Hellen alipapasa tumbo, akakunja uso.

"Bwana Karani, huyu mtoto naona kama bado ni mdogo. Mimi ningengoja. Lakini kwa hii tarehe yako amepitisha wiki mbili, na kungoja sana pia kunaua. Uko na hakika?"

Benchi lote lilikuwa linasikiliza.

"Niliandika, Sista."

Hakuwa ameandika popote. Basi ikaamuliwa uchungu uanzishwe kwa dawa. Kikaletwa kikombe cha mafuta ya mbarika, na kwinini. Musimbi akamwuliza mumewe, kwa lugha ya kwao, mbona anaharakishwa, naye hana uchungu wowote na mtoto hata hajashuka.

"Kunywa tu. Hawa wamesoma."

Akaziba pua, akanywa.

Mtoto alizaliwa kesho yake alasiri, msichana mdogo mno, kucha hazijafika ncha za vidole, hana nguvu ya kunyonya. Walimfunga kwa pamba, wakawa wanamdondoshea maziwa kwa kijiko. Kama angeishi au la, hakuna aliyethubutu kusema. Sista alimwangalia, akaangalia kadi, kisha akamgeukia Shitanda.

"Huyu hakutimiza miezi yake. Hii tarehe ilitoka wapi?"

Nafasi ya kusema kweli ilikuwa hiyo, na simtetei, aliiona vizuri. Lakini kuumbuka karani mzima mbele ya wodi! Alijiona mchafu hata kabla hajafungua mdomo.

"Ni yeye, Sista. Huyu mama hajui kuhesabu."

Hapo Sista Hellen akamvaa Musimbi, wodi nzima ikisikia: wewe ni mama wa aina gani, hujui miezi yako, umenifanya nimtoe mtoto kabla ya wakati, akifa utamwambia Mungu nini? Musimbi alisikiliza kwa adabu, mkono wake juu ya pamba. Kisha akamwuliza mumewe Sista anasema nini.

"Anasema mtoto ni mzuri," Shitanda alijibu, macho sakafuni.

Musimbi akainua uso, akamtabasamia Sista Hellen.

"Asante," akasema. "Asante, mama."