Boma la Wasirikwa Lililonishika Mguu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa nimeolewa miezi minne tu hapa Lanet. Shamba letu lilipakana na kilima, na pale kilimani palikuwa na boma la mawe la watu wa kale ambao majirani waliwaita Wasirikwa. Walilijenga karne nyingi kabla reli haijafika, kabla mtu yeyote hajapaita mahali hapa Nakuru. Mimi niliyetoka magharibi niliona rundo la mawe ya bure. Nilitaka zizi la mbuzi.

Nikaanza kuvuta mawe ya chini, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa makubwa. La tatu lilipotoka, ukuta ukanishukia, mguu wa kushoto ukabanwa hadi gotini. Mume wangu alikuwa kazini kiwandani. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Aliyenisikia ni jirani yetu, mama mzee wa Kikalenjin tuliyemwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Nikamwomba avute lile jiwe kubwa lililonilalia. Akakataa.

"Nikivuta hilo, yote yatakuja," akasema polepole. "Tulia, msichana wangu. Aliyejenga hapa alikuwa na akili."

Akaanzia juu, jiwe moja moja, huku akiniongelesha nisizimie. Akanieleza kwamba ukuta ule ulikuwa kuta mbili, wa nje na wa ndani, na katikati walishindilia vijiwe. Hawakutumia saruji wala udongo. Kila jiwe lilikalia mawili. Ndani walichimba shimo pana ili ng'ombe walale bila kupigwa na upepo, na mlango wakauacha mwembamba, ng'ombe wapite mmoja mmoja, mwizi asiweze kuwatoa haraka. Hayo yote niliyasikia nikilia.

Jua lilikuwa utosini mguu ulipotoka. Ulichubuka vibaya, lakini haukuvunjika. Nikataka kumpa kuku wangu wa pekee.

"Kuku abaki," akasema. "Wewe rudisha mawe."

Niliyarudisha kwa majuma matatu, yeye akikaa pembeni kunisahihisha. Kipande changu kilianguka mara mbili. Cha Wasirikwa wenyewe hakikutingika, na hapo ndipo nilipoona haya kweli.

Sasa nawe, mwanangu, umenunua ploti pale kilimani penye boma, na nasikia tingatinga linakuja Jumatatu. Sikukatazi kujenga. Lakini kabla hujasukuma kitu ulichokikuta, uliza nani alikiweka na kwa nini, na umuulize aliyeishi hapo kabla yako. Nyumba yako unaweza kuisogeza hatua ishirini kwenye ramani. Waliojenga boma hawatarudi kulijenga tena. Na ukikosea kama mimi, rekebisha kwa mikono yako mwenyewe.

Namshukuru Kogo mpaka leo. Alinikuta nikiharibu, akaniokoa kwanza, kukemea kukaja baadaye. Mungu akupe jirani wa namna hiyo, akupe na masikio ya kumsikia, na utakachojenga wajukuu wa wajukuu wako wakikute kimesimama.